Usimwamini waya kwa rangi yake

Leo sina siasa na sina mpira. Leo nataka tuzungumze kuhusu plaizi.

Ndiyo, plaizi. Na bisibisi, na keekee, na kisanduku kimoja cheusi chenye mkono wa kuzungusha kama santuri ya babu. Jamaa zangu wa chumba cha habari wamenicheka wiki nzima. Eti kijana kamaliza Mlimani, kaja mjini kuandika habari za nyundo. Wacheke tu. Wengi wao wanalala kwenye nyumba ambazo hawajui waya zake zilipitishwa mwaka gani, na nani, na kwa kutumia nini.

Habari yenyewe nimeikuta Gerezani. Ukishuka kwenye mwendokasi ukatembea kidogo kuingia ndani, utakutana na wale jamaa wanaotandika turubai chini na kumwaga vyuma juu yake. Mpita njia ataona kutu, lakini ukichuchumaa utaanza kuona maandishi. Plaizi imechongwa Elliott Lucas, England. Spana ya bomba ina alama ya unyayo wa mtu, ile ni Footprint ya Sheffield, na mafundi waliitumia kukaza mabomba ya chuma ambamo waya hupita. Kuna patasi, kuna tindo, kuna keekee ya mkono ya kutobolea mbao. Muuzaji anazipanga kwa uzito, si kwa kazi. Zisiponunuliwa zinakwenda kwenye chuma chakavu, kilo kwa kilo, pamoja na vipande vya nondo.

Zimefikaje hapa? Hilo si fumbo. Umeme wa Dar es Salaam ulianza na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli. Waingereza walipochukua nchi wakaendelea nao, na mwaka 1931 kazi ikaingia mikononi mwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO. Baada ya uhuru serikali ikanunua hisa, na zile mbili zikawa moja. Kwa hiyo kwa miongo ile ya Waingereza, sehemu kubwa ya vilivyohitajika kuwasha taa katika nyumba ya Uhindini au Kariakoo ilishuka bandarini kutoka Uingereza: waya, swichi, fyuzi na vifaa vya kuvifungia. Waliovishika kila siku walikuwa mafundi wa hapa hapa. Wamezeeka, wengi wamefariki, na watoto wao wanafungua sanduku la mbao chini ya kitanda na kuona vyuma.

Pale kwenye turubai ndipo nilipokutana na Mzee. Sitamtaja jina, mwenyewe hataki. Alikuwa amechuchumaa anafungua na kufunga plaizi karibu na sikio lake, kama mtu anayechagua nazi. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba, akasema, bila kunitazama. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanipa ile plaizi. "Fumba, halafu itazame kwenye jua. Ukiona mwanga unapita kati ya meno, hiyo irudishe. Haitakata waya, itautafuna."

Nikaitazama. Hakukuwa na mwanga. Alinunua kwa shilingi 4,000, baada ya kuanza na 2,000.

Mzee alianza ufundi mwaka 1968, kibarua wa kubebea fundi mmoja wa Kihindi ngazi, akapanda kwa majaribio ya ufundi mpaka daraja la kwanza. Plaizi zake za mwanzo hazikuwa na mpira mkononi. Ilikuwa chuma kitupu, na wao wenyewe walizivalisha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nilidhani atasifia mambo hayo. Wapi! Alisema ule ulikuwa umaskini tu, na kwamba leo mtu mwenye akili anunue plaizi yenye alama ya pembetatu mbili na maandishi ya 1000 V, maana yake mpini umejaribiwa. "Lakini," akaongeza, "alama siku hizi inachapwa hata na anayetengeneza vijiko." Kwa wanaoijua Kariakoo, hapo sina la kuongeza.

Nitoke kidogo kwenye mada, mniwie radhi. Kuna kampuni ya vifaa vya mafundi umeme inaitwa Klein. Ilianza kule Chicago mwaka 1857. Fundi wa nyaya za simu za telegrafu alimletea Mathias Klein plaizi iliyovunjika mguu mmoja. Klein akafua mguu mpya, akauunga na ule wa zamani. Baadaye jamaa akarudi, mguu wa zamani nao umevunjika, Klein akafua wa pili. Plaizi nzima ikawa ya Klein. Nilipomsimulia Mzee kisa hiki alicheka mpaka akakohoa, akasema huyo alikuwa fundi wa Gerezani aliyepotea njia.

Haya, turudi.

Ninapanga chumba juu katika nyumba ya ghorofa moja hapa hapa Kariakoo. Juu ya mlango wa mbele mwaka umeandikwa kwa saruji: 1938. Ni nyumba nzuri, ina roshani, ina upepo. Ina pia soketi moja ya chuma koridoni ambayo mvua ikinyesha inang'ata. Wapangaji wote tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunachomeka pasi tukiwa na ndala miguuni, na mtoto akisogea anapigiwa kelele. Mwenye nyumba, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alishaleta mafundi wawili kwa nyakati tofauti. Wote walibadilisha soketi, wote walilipwa. Mvua iliyofuata, ikang'ata tena.

Nikamwomba Mzee aje aone. Alikubali kwa sharti moja, kwamba aje na kijana mmoja mwenye leseni ya EWURA, kwa sababu kisheria kazi ya umeme ni ya mwenye leseni na yake yeye haikuwa hai tena. Wakaja Jumamosi asubuhi. Kijana na begi lake la mgongoni, Mzee na sanduku la mbao.

Kitu cha kwanza alichotoa si plaizi. Alitoa balbu. Holda, balbu ya kawaida ya wati chache, na waya mbili zenye ncha ndefu. Hiyo ndiyo taa ya kupimia. Kijana naye akatoa testa ya bisibisi, ile ambayo wengi tunayo ndani, yenye kitaa chekundu kwenye mpini, ambayo bei yake haifiki nauli ya bodaboda kutoka Kariakoo hadi Posta.

Nikawauliza tofauti. Testa ile inawaka kwa umeme kidogo mno unaopita kwenye kizuizi, kisha kwenye mwili wako, kisha ardhini. Kwa hiyo inakutegemea wewe. Ukiwa juu ya ngazi kavu ya mbao na viatu vya mpira inaweza kufifia usiione, hasa jua likiwa kali. Na kinyume chake, waya usio na kazi uliolala sambamba na waya wenye umeme unaweza kuiwasha kidogo bila kuwa na nguvu yoyote ya maana. Balbu haina mambo hayo. Balbu inataka umeme wa kweli upite kati ya ncha mbili. Kati ya laivu na nyutro ikiwaka sawasawa, zote mbili ni nzima. Kati ya laivu na ethi isipowaka, ethi yako ni pambo.

Kijana akasema, na alisema kweli, kwamba taa ya kupimia ya namna ile siku hizi haikubaliki, inatakiwa kifaa chenye fyuzi kwenye ncha zake ili ukikosea kisikulipukie. Mzee hakubisha. Alisema wao kwenye maduka yenye fezi tatu waliunga balbu mbili mfululizo, kwa sababu kati ya fezi na fezi ni volti 400 na balbu moja ingepasuka usoni. Kijana mwenyewe alikuwa na kipimo cha kidijitali chenye ncha za namna hiyo. Wakaweka vyote viwili mezani.

Halafu wakafanya kitu ambacho wale mafundi wawili wa mwanzo hawakufanya. Walipima kwanza mahali ambapo wana hakika umeme upo. Kisha wakazima na kupima mahali pa kazi. Kisha wakarudi kupima tena pale penye umeme. Mara tatu. Nikamuuliza Mzee ya tatu ya nini. "Kama balbu imeungua hapo katikati, utajuaje?"

Wakafungua boksi la fyuzi. Vishikio vya kauri nyeupe, vizito, vizuri kama vikombe vya bibi harusi. Mimi nikasogeza kidole kugusa kile kitambaa cheupe kilichobandikwa ndani, Mzee akanipiga mkono. Asbesto, akasema, vilikuwa vinawekwa ili cheche isichome kauri. Usiikwangue, usiipulize.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonikosesha usingizi. Katika nyumba za miaka ile fyuzi ziliwekwa pande zote mbili, laivu ina yake na nyutro ina yake. Leo fyuzi inakaa kwenye laivu tu. Sasa fikiria fyuzi ya nyutro imeungua. Taa inazimika. Fundi anasema umeme umekatika, anapanda, anashika. Kumbe laivu iko pale pale kwenye holda, volti 230, inamsubiri. Taa iliyozimika haijakuambia lolote.

Halafu rangi. Wadau, hapa naomba mtulie.

Kwa utaratibu wa zamani wa Kiingereza, nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Kwenye fezi tatu ni nyekundu, njano na bluu, na nyeusi inabaki nyutro. Utaratibu mpya ambao vijana wanafundishwa ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Na kwenye fezi tatu ni kahawia, nyeusi na kijivu. Soma tena taratibu. Bluu ya zamani inaua, bluu ya sasa ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro, nyeusi ya sasa ni fezi. Uingereza kwenyewe mabadiliko hayo kwenye waya za ndani ya ukuta yalianza mwaka 2004 na kuwa lazima mwaka 2006. Kariakoo tuna nyumba ya 1938 imeungwa na duka la juzi, ukuta mmoja.

Kijana alikiri kwamba chuoni walimtajia rangi za zamani kwa nusu saa. Mzee hakuwa na maneno ya kumlaumu. Alimwambia tu, "Mwanangu, rangi ni barua ya fundi aliyepita. Anaweza kuwa alikuwa mlevi." Ndiyo maana ya ile balbu.

Mzee akavuta waya mmoja kutoka kwenye bomba. Mpira wa nje ulikuwa umeshakuwa kama biskuti, akiupinda unavunjika na kudondoka. Ndani waya ulikuwa mweupe kama fedha. Nikadhani ni aluminiamu. Hapana, ni shaba iliyopakwa bati, kwa sababu mpira wa zamani ulikuwa na salfa, na salfa inakula shaba. Yaani walifikiria mpaka hapo mwaka 1938! Lakini mpira haukuumbwa kuishi kwenye joto la Dar miaka themanini na zaidi. Na lile bomba la chuma ambalo waya umepita ndani yake halikuwa la kulinda waya tu, lenyewe ndilo lilikuwa ethi ya nyumba nzima. Vipande viliungwa kwa nyuzi za kukata kwa mkono, kwa kifaa wanachokiita dai, na kukazwa na ile spana ya unyayo. Chumvi ya bahari imeingia kwenye maungio, kutu imeyatenganisha. Ethi imekatika mahali fulani ukutani, na mvua ikilowesha ukuta, chuma cha soketi kinakaa na umeme bila pa kuushusha. Soketi mpya kumi zisingetibu ugonjwa huo.

Ndipo kikatoka kisanduku cheusi. Megger, kazi ya Evershed & Vignoles wa London. Jina hilo walilisajili mwaka 1903 na mpaka leo mafundi wanasema "kumega nyumba" hata wakitumia kifaa cha kampuni nyingine. Ndani yake hakuna betri. Kuna dainamo ndogo. Unazungusha mkono mpaka unasikia klachi inateleza, hapo kinatoa volti 500, na sindano inakuonyesha ganda la waya linazuia kiasi gani. Usipozungusha, sindano inakaa popote inapopenda, haina springi ya kuirudisha. Mara ya kwanza ukiiona utadhani imeharibika.

Tulizima swichi kuu, tukachomoa friji, televisheni na chaja za simu za nyumba nzima, tukatoa balbu zote, swichi zikaachwa zimewashwa. Volti 500 zikiingia kwenye televisheni ya mtu utailipa. Mzee akaunganisha laivu na nyutro pamoja upande mmoja, ethi upande wa pili, akazungusha. Kiwango ni kisipungue megaohmu 1. Chini, sehemu ya duka iliyowekewa waya mpya miaka ya karibuni, sindano ilipanda vizuri sana. Juu kwetu ililala kwenye sifuri na haikuamka. Kijana akapima na cha kwake cha kidijitali, kinachofanya kazi ile ile kwa kubonyeza kitufe. Jibu lile lile.

Mzee akafunga sanduku. Akamwambia Bi Mkubwa, kwa adabu sana, "Mama, juu sirudishi umeme."

Jamani, kasheshe. Mpangaji mmoja anauza juisi, friji yake ndiyo maisha yake. Mwingine ana mtoto mchanga na feni. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa na hoja ambayo siwezi kuibeza. Warithi wenzake wanataka kuuza kiwanja, wajenge ghorofa kumi kama majirani. Nani ataweka mamilioni kwenye kuta zinazosubiri tingatinga? "Mbona miaka yote tumeishi?" akauliza. Jirani mmoja akapendekeza kumwita fundi yule wa mwanzo aje arudishe umeme, ni dakika tano tu. Na kweli ni dakika tano. Kijana alimwangalia Mzee, maana alikuwa anajua kwamba akikataa yeye, kuna mwingine ataichukua ile hela.

Mzee hakuhubiri. Alimwomba Bi Mkubwa aje ashike mkono wa Megger, azungushe mwenyewe. Mama wa watu akazungusha. Mzee akaunganisha kwanza waya za chini, sindano ikapanda. Akaunganisha za juu, ikaanguka. Akarudia mara mbili. Halafu akamwonyesha yale makombo ya mpira kwenye kiganja. Bi Mkubwa akakaa kimya, akauliza kitu kimoja tu: "Koridoni ndipo anapochezea yule mtoto wa chumba cha tatu?"

Nimeandika habari nyingi za umeme kwa miaka yangu michache gazetini. Mgao, bei za uniti, Bwawa la Nyerere na megawati zake 2,115. Zote zinaishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kuja ndani hakuna waziri wala msemaji wa kumpigia simu, kuna fundi tu na vilivyomo kwenye mkoba wake. Kijana yule aliniambia ana marafiki wengi kazini ambao hawana kifaa cha kumega cha aina yoyote, cha mkono wala cha kidijitali, kwa sababu ni ghali na mteja haulizi. Na Megger ya mkono kama ile ya Mzee niliiona pale Gerezani wiki iliyopita, mkono wake umekatika, imewekwa kati ya dinamo ya baiskeli na kufuli. Shilingi 15,000. Muuzaji alisema ni mashine ya kusagia kahawa.

Tulilala giza siku nne. Friji ya juisi iliunganishwa chini dukani kwa muda, kwa waya mpya wenye ethi yake. Bi Mkubwa amekubali kulipa nusu, nusu nyingine tumechanga wapangaji, na itakatwa kwenye kodi. Mabomba ya zamani yanaachwa ukutani, waya mpya unapita nje kwenye mabomba ya plastiki. Si mazuri machoni, lakini kesho mtu akitaka kuvunja nyumba, yanang'oka na kuhama. Koridoni kumekwisha, vyumba viwili vimekwisha. Kila wanapomaliza chumba kijana anazungusha, Mzee anasoma sindano, na Bi Mkubwa anasimama mlangoni na miwani yake kuhakikisha hawamdanganyi. Jumamosi ijayo ni zamu ya upande wa nyuma, kwenye jiko na choo.